Gari Lisilo na Muuzaji

Gari la kwanza la Pelagia lilipita ukaguzi bila kasoro. Mkaguzi alilizunguka, akalala chini kutazama chesesi, akaliendesha mpaka stesheni ya reli na kurudi, kisha akasema hana neno. Breki zilishika, taa ziliwaka, mikanda ilifunga. Likapewa namba za barabarani kama gari lingine lolote la nchi hii, na Pelagia akarudi nalo mtaani kwake Gongoni, mjini Tabora, akiliendesha taratibu, ili kila mwenye duka alione.

Nao waliliona. Lilikuwa gari dogo la umeme, dereva mbele peke yake, nyuma viti vya watu watatu ambavyo ukivikunja mtu mmoja alilala akanyooka. Halikuwa na mngurumo wala moshi. Mota na betri alizifunga Pelagia mwenyewe, kazi aliyojifunza Dar es Salaam katika gereji ya bajaji za umeme kabla hajarudi Tabora kumuuguza mama yake. Bodi na chesesi zilikuwa mkono wa mumewe, Alois, mchomeleaji wa mtaa wa Cheyo ambaye kwa miaka mingi alitengeneza mageti, madirisha na mikokoteni. Gari wakaliita Kwale, kama yule ndege, kwa kuwa lilikuwa fupi na lilijua kukimbia mchangani.

Walikuwa wamekwisha kutengeneza mawili, na la tatu liko juu ya mawe halijapata magurudumu, agizo la serikali lilipotoka.

Agizo lenyewe lilisemwa kwa maneno matamu. Lilisema mnunuzi wa gari la umeme lazima alindwe, na ili alindwe, mtengenezaji asimuuzie mkono kwa mkono. Amkabidhi wakala mwenye leseni, na wakala ndiye auze. Wakala naye awe na ukumbi wa maonyesho wenye vioo na vigae, awe na yadi pana, na aweke dhamana ambayo karakana zote za Gongoni zikichangishana zisingeifikia. Katika upande huu wote wa magharibi, kutoka Tabora mpaka unakaribia Kigoma, aliyetimiza masharti hayo alikuwa mtu mmoja tu, mfanyabiashara aliyeitwa Justus.

Justus alikuwa na vituo vya mafuta. Aliuza pia pikapu na pikipiki, na vipuri vyake, na oili yake. Kwa hiyo ufunguo wa kuuza magari yasiyokunywa mafuta alikabidhiwa muuza mafuta.

Alois aliposikia alicheka, akasema fisi amepewa bucha. Pelagia hakucheka, lakini pia hakutaka ugomvi. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alilelewa na baba aliyekuwa mzee wa kanisa la Moravian, nyumba ambayo mtu akichelewa ibada alisimama nje mpaka wimbo uishe, na aliamini kwamba utaratibu ukifuatwa kwa moyo mweupe, mwisho wake humtendea mtu haki. Yeye na Alois wakayapeleka magari yao mawili kwa Justus. Justus aliwapokea vizuri, akawapa soda, akampongeza mama huyu kwa kipaji, akaahidi kuyaweka mbele kabisa, penye kioo, ambapo kila apitaye angeyaona.

Mvua zikaisha. Tumbaku ikavunwa, ikakaushwa kwenye mabani, vibanda vyake vya moto, ikauzwa. Huo ndio msimu ambao Tabora watu hununua, na pikipiki za Justus zilitoka kama njugu za kukaanga. Kwale halikutoka hata moja. Kila Pelagia alipopiga simu aliambiwa kwamba wateja wanaangalia tu, hawajavutiwa, labda bei, labda umbo, labda watu wa huku hawajawa tayari. Aliambiwa hivyo kwa upole mno hata akaanza kuamini. Lile gari la tatu lilikuwa sasa limepata magurudumu, akalivua vipande vipande akitafuta kasoro inayowafukuza watu. Alibadilisha springi. Alibadilisha rangi. Alifika mahali akamwambia mumewe kwamba huenda wamejidanganya, na kwamba afadhali arudi kwenye mageti.

Ndipo akaja Spesioza.

Aliingia karakanani asubuhi, mwanamke wa makamo, mrefu, kitenge kimejaa vumbi la safari. Pelagia aliacha spana akamwamkia shikamoo. Mgeni akaitikia marahaba, akakataa kiti. Alisema anatoka Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi, katika kijiji ambacho mpaka leo watu hukiita kwa namba ya barabara yake. Huko yeye ni mwenyekiti wa akina mama wenye mashine ya kukamua alizeti, mashine inayoendeshwa na umeme wa jua. Alisema amekuja kumtazama usoni mtu aliyetengeneza yale magari, amuulize swali moja.

"Ni kweli yakinyeshewa yanawaka moto?"

Pelagia alifikiri hakusikia vizuri. Akamwomba arudie.

Spesioza akaeleza. Kikundi chao kilikuwa kimeweka akiba kwa muda mrefu kikitafuta chombo cha kuwapeleka wajawazito kituo cha afya. Petroli huko kwao huuzwa kwenye chupa za maji kando ya njia, leo ipo, kesho haipo, na bei ni ya kumkomoa mtu. Jua wanalo. Waliposikia kuna gari la umeme linalotengenezwa hapa hapa Tabora, walitoka watatu wakaenda kwa Justus na nia ya kununua. Kijana wa mauzo akawaambia hayo magari ni ya maonyesho tu. Walipong'ang'ania, akawaambia hayapandi kilima, betri zake hufa ndani ya miezi, na mvua ikiyanyeshea huwaka moto na watu ndani. Kisha akawaonyesha pikapu ya petroli.

"Tulirudi nyumbani," Spesioza alisema. "Lakini nimekaa nikajiuliza. Mtu anaweza kutengeneza kitu cha kuunguza wajawazito, kisha akalala usingizi? Nikasema niende nimwone."

Pelagia alikwenda bombani, akajaza ndoo, akapanda ngazi na kulimwagia maji lile gari la tatu, juu, pembeni, kwenye taa, ndoo baada ya ndoo, mpaka sakafu yote ikawa tope. Kisha akaingia na kuliwasha, maji bado yanatiririka mlangoni, akamfungulia mgeni. Wakatoka. Walizunguka Gongoni, wakapita barabara ya zamani ya misafara ambako miti iliyopandwa enzi za wapagazi bado inatoa kivuli, wakapanda mwinuko, wakashuka. Waliporudi Spesioza alishuka, akaiwekea bodi mkono kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni.

"Twende kwa huyo Justus," akasema.

Pale penye kioo palikuwa na pikapu nyekundu. Magari ya Pelagia waliyakuta nyuma ya yadi, karibu na mapipa ya oili chafu, yamefunikwa turubai. Turubai lilikuwa limechanika na kuku wa mlinzi walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva cha gari moja. Pelagia alifungua boneti akapima betri. Zilikuwa zimekufa. Betri ya namna ile ukiiacha miezi bila chaji hujifia yenyewe kimya kimya, na hilo alikuwa amelieleza mwenyewe, polepole, kwa kijana yule yule wa mauzo, siku aliyoyaleta.

Alisimama pale na boneti wazi. Hasira iliyompanda haikuwa ya makelele. Ilimpanda kama maji ya kisima, baridi, mpaka kooni. Miezi yote ile aliyojilaumu, na kumbe kasoro aliyokuwa akiitafuta kwenye springi ilikuwa imekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka.

Justus hakujificha. Aliwakaribisha, akaagiza soda ambazo hazikuguswa, na Pelagia alipomuuliza kwa nini amewadanganya akina mama wa Ulyankulu, aliinua mabega.

"Mama, mimi ni mfanyabiashara. Mtu akinunua pikapu yangu, kesho atarudi kwa mafuta, keshokutwa kwa oili, mwezi ujao kwa vipuri. Akinunua hilo lako, nitamwona lini tena? Nafanya nini nalo?"

"Basi ungekataa uwakala."

"Nikikataa atachukua mwingine," Justus alisema, na alisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kwa mtoto. "Afadhali niwe nao mimi."

Pelagia alikuwa hajawahi kumjibu mtu mzima kwa ukali tangu azaliwe. Siku hiyo alimjibu.

"Zamani babu zetu wakipita na mizigo kwenda pwani, kila mtemi aliwatoza hongo ya kupita. Lakini mtemi akishapokea chake, msafara ulipita. Wewe umepokea, na njia umeifunga."

Justus akawaambia kwamba kama hawaridhiki ofisi inayohusika iko wazi, waende wakalalamike. Alikuwa na uhakika wake.

Kweli ofisi ilikuwa wazi. Waliyemkuta ni Jilala, ofisa kijana mwenye adabu, ambaye alisimama kumpa Spesioza kiti na kumwamkia Kinyamwezi kabla hajatambua kwamba mama huyu si Mnyamwezi. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba magari yamepita ukaguzi. Alikubali kwamba kuziacha betri zife si jambo zuri. Lakini wakala, alisema, halazimishwi kuuza, analazimika kupokea tu. Na mtengenezaji haruhusiwi kuuza. Pelagia akamuuliza, je, ikiwa anayeruhusiwa hataki na anayetaka haruhusiwi, mnunuzi afanye nini. Jilala akasema ndivyo sheria ilivyo kwa sasa, na lengo lake ni kumlinda mnunuzi.

Hapo Spesioza akaweka mikono juu ya meza ya ofisa.

"Mnunuzi ni mimi, baba. Unanilinda na nani?"

Jilala akaanza kueleza habari za dhamana na huduma baada ya mauzo. Mama akamsubiri amalize.

"Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili," alisema. "Mimi nimezaliwa Ulyankulu. Mpaka nimekuwa mama wa watoto, kutoka makazini kuja hapa mjini nilihitaji kibali. Nilikuwa nalima mahindi na kuyauza yalikuwa shida, kwa sababu mnunuzi yuko nje na mimi niko ndani. Kibali kile nacho tuliambiwa ni cha kutulinda. Leo mimi ni raia, nina kura, nina mashine, nina akiba. Mke wa mwanangu, Inamahoro, alishikwa na uchungu mchana kweupe. Pikipiki iliishiwa mafuta porini, katikati ya vijiji. Alizaa chini ya mti, na mtoto hatukumpata. Sasa nakuuliza tena, taratibu tu. Kati yangu na huyu binti aliyetengeneza gari, ni nani uliyemwona mwizi, mpaka ukaweka mtu katikati?"

Ofisa aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana kumtazama kulimchosha Pelagia zaidi. Mbaya ungemchukia ukapumua. Huyu alikuwa akiumia kwa niaba yao na bado hafanyi kitu. Aliwapa pole. Kisha, akiwasindikiza mlangoni, labda kwa kutaka tu kusema neno la kujitetea, akaongeza kwamba yeye hana ugomvi na gari lenyewe, ni mauzo. Sheria inahusu kuuza. Kama akina mama wangekuwa wanajitengenezea chombo chao wenyewe kwenye karakana yao wenyewe, asingekuwa na la kuwaambia.

Walifika getini. Pelagia ndiye aliyesimama kwanza.

"Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia," alisema Spesioza. "Swali ni kama karakana yako ina nafasi."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo barabarani. Nyumbani ilikuwa kazi nyingine. Ili akina mama wa Ulyankulu wawe wanajitengenezea gari lao, ilibidi karakana iwe yao kweli, si kwa maneno. Pelagia aliuliza kwa mwanasheria mmoja jirani wa kanisani, akaambiwa njia ipo na ni halali, ila isiwe mchezo wa kuigiza. Washirika wawe washirika: wawe na sauti, wawe na fungu, na wakitaka kuuliza mashine ya kuchomelea imekwenda wapi waulize. Maana yake nusu ya karakana ingetoka mikononi mwa watu wawili walioijenga tofali kwa tofali.

Alois alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Alisema kwamba amekaa kwenye jua na moto wa kuchomelea miaka yote mpaka macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi, ili awe na mahali pake. Alisema hana neno na wale mama, ni watu wema. Lakini yeye alitaka kuuza gari, hakutaka kugawa nyumba.

"Yaani nikichonga kigoda, siruhusiwi kumuuzia jirani," alisema. "Sharti kwanza nimuoe."

Pelagia aliona mumewe amesema haki. Ndilo lililokuwa likimuuma. Angetamani Alois awe mchoyo, amshinde kwa hoja ya huruma. Lakini hapakuwa na uchoyo pale. Palikuwa na mtu anayedaiwa nusu ya maisha yake ili atimize jambo ambalo fundi viatu hulitimiza kila siku barazani: kutengeneza na kumpa anayetaka. Akamwambia kwamba hatamlazimisha. Akamwambia pia habari ya Inamahoro, yote, kama alivyoisikia, pamoja na mti.

Siku kadhaa Alois alifanya kazi ya mageti. Kisha asubuhi moja Pelagia alimkuta amepiga magoti kando ya lile gari la tatu na chaki mkononi, anachora mstari pembeni mwa mlango wa nyuma. Alisema mlango ule ni mwembamba. Mtu akiletwa amelala, tena ana tumbo, hataingia bila kuminywa. Itabidi aukate upya.

Akina mama walikuja kwa zamu, wanne wanne, wakafikia Cheyo kwa Advera, dada yake Alois, ambaye aliwalalamikia kwa kuamka kabla ya jogoo na kumfagilia uwanja, kisha akawazoea na kuwakatalia wasiondoke. Karakanani hawakukaa kutazama. Spesioza alikabidhiwa msasa na jiwe la kulainishia maungio ya kuchomelea, akawa anafanya kazi ile na kanga imefungwa kiunoni, akimkosoa Alois palipobaki ncha. Wengine walikaza nati, wakashona kiti cha dereva, wakapaka rangi. Mara ya kwanza waligombana kweli kweli, kwa sababu akina mama walitaka viti vya nyuma viwe vya mbao, vya kufutika kwa urahisi, na Pelagia hakutaka. Zamani angesema gari ni langu. Sasa hakuweza. Walipiga kura akashindwa. Alikwenda nyuma ya karakana akasimama huko akiwa amekunja mikono, akiwachukia kidogo, na akimchukia zaidi aliyemfikisha hapo. Viti vya mbao vikawekwa. Baadaye alikiri, kwa Alois tu, kwamba walikuwa sahihi.

Katika zamu ya pili alikuja Inamahoro mwenyewe. Alikuwa msichana mkimya, mdomo umefungwa kama mtu anayebeba maji kichwani. Siku ya kwanza alipaka rangi tu. Siku iliyofuata alimwendea Pelagia, akauliza nani ataliendesha gari likifika kijijini. Pelagia akasema hawajaamua, labda mmoja wa vijana wa bodaboda. Inamahoro akasema hapana.

"Nifundishe mimi," akasema. "Ile njia naijua kila shimo."

Wakamfundisha. Alijifunza kwa haraka ya kutisha, na alipokuwa nyuma ya usukani mdomo wake ulifunguka, akawa anasema na gari kwa Kirundi, maneno ambayo Pelagia hakuyaelewa na hakuuliza.

Justus hakukaa kimya. Habari zilimfikia kwamba Gongoni kuna watu wanauza magari kwa mlango wa nyuma, akapeleka malalamiko, na Jilala akatumwa. Alifika mchana, jua kali, akakuta karakana imejaa. Alois amevaa kinyago cha kuchomelea, cheche zinaruka. Spesioza yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Inamahoro anapima hewa kwenye magurudumu. Jilala alisimama mlangoni mpaka wakamwona. Akasalimia, akauliza swali alilotumwa kuuliza: nani hapa ni muuzaji.

"Hayupo," alisema Pelagia.

"Mnunuzi?"

Spesioza akajitoa chini ya gari, uso una grisi mpaka kwenye nyusi. "Naye hayupo. Uliposema tujitengenezee, tulikusikia."

Pelagia alimtazama ofisa usoni na kuona kitu kama aibu na kitu kama ahueni vikipishana. Jilala aliuliza maswali mengine mawili matatu, akajibiwa. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaaga. Hakurudi tena kwa jambo hilo, na Justus naye akaachia hapo, kwa kuwa pikapu zake zilikuwa bado zinatoka.

Gari lilipita ukaguzi kama wenzake. Siku ya kuondoka Inamahoro alishika usukani, Spesioza akakaa nyuma na Pelagia, na Alois akafuata kwa pikipiki na mfuko wa vifaa, akisema ni kwa tahadhari tu, ingawa kila mtu alijua hataki kukosa kuona. Waliacha lami, wakaingia kwenye vumbi, misitu ya miombo pande zote, mizinga ya nyuki inaning'inia mitini, mabani ya tumbaku yamesimama matupu. Chaji haikutosha safari nzima. Pelagia alijua haitatosha, na walikuwa wameomba mapema wapumzike kwenye parokia moja njiani yenye umeme wa jua. Hapo walikaa barazani wakila mihogo na kusubiri, na padri akaja kulitazama gari akauliza swali lile lile, kama likinyeshewa linawaka moto. Uongo wa yule kijana wa mauzo ulikuwa umetangulia kufika kuliko gari lenyewe. Pelagia alimjibu padri kwa adabu.

Kijijini walipokewa kwa ngoma. Lakini Pelagia hakukumbuka sana ngoma. Alikumbuka simu iliyokuja baada ya majuma machache, akiwa sokoni anachagua dagaa. Alikuwa Inamahoro. Amempeleka mwanamke mmoja, jirani wa Kinyamwezi, uchungu umemshika adhuhuri. Amefika salama, amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, wote wanalia. Habari ziliisha, lakini Pelagia alibaki na simu sikioni, katikati ya watu wanaopigia kelele bei ya nyanya, mpaka salio likaisha.

Yale magari mawili Justus aliyarudisha, juu ya lori, betri zimekufa, akaambatanisha madai ya kuyatunza. Akina mama wa Urambo walipata habari za wenzao wa Ulyankulu, wakaja kuuliza. Wafuga nyuki wa upande wa Sikonge wakaja. Kila kundi Pelagia aliliambia lile lile: siwezi kuwauzia, ila mnaweza kuwa wenye karakana. Karakana ikawa na wenyewe wengi, na mikutano mirefu, na Alois akawa anaficha nyundo yake anayoipenda.

Mwaka ulipogeuka, Pelagia aliitwa kwenye mkutano wa wajasiriamali, ukumbini, mbele ya wakubwa. Jilala ndiye aliyemtambulisha. Alimsifu kwa moyo, akasema mama huyu ni mfano wa mtu aliyefanikiwa ndani ya sheria, bila kulalamika. Watu wakapiga makofi. Pelagia akapewa kipaza sauti. Alikuwa ameandaa maneno ya shukrani. Hakuyasema.

"Nashukuru kwa sifa, lakini si zangu," alisema. "Nimelalamika, ofisi inajua. Na sikufanikiwa ndani ya sheria hii. Nimeizunguka, kama mtu anayepita shambani kwa watu kwa sababu njia yake imelazwa gogo. Nimelipa nusu ya karakana yetu ili nizunguke. Sijutii wale mama, ni ndugu zangu sasa. Lakini wiki hii alikuja kwangu mwalimu wa Sikonge, anaitwa Adriano. Ana mguu mmoja mbovu. Anataka gari moja tu, lake, la kumfikisha shuleni. Hana kikundi. Ana fedha yake na mimi nina gari, tumesimama hatua mbili, nikamrudisha. Naomba mwenye kujua aniambie, nimemlinda na nini?"

Makofi yalikuja kutoka nyuma ya ukumbi, si kutoka mbele. Mwenyekiti akashukuru, akamwita anayefuata. Agizo halikuguswa.

Majuma mawili baadaye Adriano alirudi Gongoni. Alikuwa amesikia redioni kwamba mama wa magari ya umeme amesema mbele ya wakubwa, akadhani kusema kumebadilisha kitu. Alikuwa amevaa suti. Pelagia alimweleza, na kila neno lilimchoma ulimi. Mwalimu akatikisa kichwa, akasema anaelewa, akauliza kama anaweza kukaa tu ndani, mara moja. Akamfungulia mlango. Alikaa nyuma ya usukani, akaujaribu mguu wake kwenye pedali, akaona unafika vizuri. Aliweka mikono kwenye usukani akatazama mbele, ambako Alois alikuwa ameacha kuchomelea. Kisha akashuka, akawashukuru wote wawili, akaenda stendi kuwahi basi. Pelagia alibaki ameshika mlango wazi, na alipoufunga aliubamiza kwa nguvu hata kioo kikalia.